Sentensi Yangu Ukutani

Harufu ya feutre, ile kalamu ya wino nzito, inanikaba mpaka leo. Juzi niliingia kwa duka moja ya Mbugangari kununua daftari, muuzaji akafungua feutre nyeusi aandike bei, mi nikatoka bila kununua kitu. Wacha niwaambie sababu, na musinihurumie.

Nilikuwa darasa ya tano. Ticha wetu wa Kiingereza alikulia Uganda, na alikuwa anatembea na kamusi kubwa kwapani kama mutu amebeba kuku. Kila Ijumaa aliandika ubaoni maneno tano ya Kiingereza kizito, anatueleza maana, kisha kila mutoto anatunga sentensi. Sheria ilikuwa moja: usitoe mufano kwa kitabu, toa kwa mutu tunayemujua wote. Neno ikiwa na uso, alisema, haisahauliki. Sentensi iliyoshinda aliiandika na feutre kwa karatasi kubwa, anaibandika ukutani, inabaki pale mpaka mwisho wa muhula. Ndiyo vile Eric alikaa ukutani muhula muzima akiwa gluttonous, yaani mulafi, kwa herufi za kupendeza kabisa. Tulicheka mpaka Eric mwenyewe akacheka. Mwenye sentensi tatu angeenda Nyundo kushindana na shule zingine. Mi nilikuwa na mbili, na niliitaka Nyundo kuliko chakula.

Nilikuwa nakaa benchi moja na Divine. Mama yake alikuwa anavuka mupaka kila asubuhi na beseni ya sambaza, samaki ndogo za ziwa, kichwani, anaenda kuuza Goma. Divine alikuwa rafiki yangu mumoja tu, sababu mi nilikuwa mutoto wa kukosoa kila mutu, na yeye hakujali. Kila kitu alikuwa ananikatia nusu, hata kama ni kiazi moja.

Ile Ijumaa neno ya mwisho ilikuwa destitute. Ticha akasema ni mutu hana kitu hata kimoja. Sikungoja amalize. Nikasimama, nikasema Divine and her mother are destitute. Divine na mama yake ni mafukara. Darasa yote ikalipuka, wa nyuma wakapiga benchi. Ticha naye alicheka, kisha akafungua feutre. Nilikaa chini nimejaa sifa. Divine alikuwa anapiga mistari kwa daftari na rula, moja chini ya ingine, hakuinua kichwa. Nikamunong'oneza kwamba ni mufano tu. Akasema amesikia.

Mwezi ukapita, ikafika siku ya wazazi. Mama Divine alikuja na kitenge yake ya kanisa, amejisugua sabuni mpaka samaki haikunuka hata kidogo. Kiingereza hakukijua, lakini jina ya mutoto wake aliijua kuisoma. Akatembeza kidole ukutani, akasimama.

"Divine, si hii ni jina yako? Wameandika nini?"

"Wameandika mi na we tunajua kujikaza, Mama."

Uso yake ikafunguka. Akauliza ni nani alisema maneno mazuri hivyo, Divine akanionyesha. Mama yake akaniwekea mukono kichwani, akasema urakoze, asante mwanangu. Na mi sikuweza kuvumilia. Maana ya neno ikikosewa iliniwasha kama upupu.

"Hapana, Mama Divine. Amekosea. Inasema nyinyi ni mafukara. Hamuna kitu hata kimoja."

Mukono wake ilibaki kichwani pangu kidogo. Akauliza kama ticha ndiye aliibandika. Nikamujibu ndiyo, tangu mwezi muzima. "Bon, sawa," akasema. Akakaza kitenge yake, akapita katikati ya wazazi wengine, akatoka. Hakungoja matokeo ya mutoto.

Divine akaniangalia. "We unajua Kiingereza sana," akasema.

Nikamwambia asante.

Jumatatu alihamia benchi ya karibu na mulango. Hatukugombana. Mpaka tulipomaliza shule alikuwa ananisalimia kila asubuhi, lakini vile mutu anasalimia polisi. Mi nilienda Nyundo, nikashika nafasi ya pili, na sikuwa na mutu wa kumuhadisia.

Nilikuwa sekondari tayari wakati kitu kimoja kilinirudia. Wiki moja kabla ya ile siku ya wazazi, ticha alitupa zoezi, tukabadilishana madaftari tusahihishane. Kwa destitute, Divine alikuwa ameandika maana yote, kushinda vile niliandika mi. Nilimuwekea alama ya sawa kwa mukono wangu. Donc, basi, mbele ya mama yake hakukosea. Alijua ile neno, akaifunika.

Mama Divine bado anavuka mupaka na beseni yake. Akiniona ananiita jina, anauliza kama masomo inaenda vizuri. Nimepanga mara nyingi kumuomba samahani. Lakini nikianza tu, itabidi nimutajie ile neno tena.