Chumba cha Mtu Mmoja

Habari ya kifo cha mwenzangu wa kufuma ilinikuta sokoni, nikibishana na muuza maziwa ya ngamia. Inna lillahi. Kufikia alasiri alikuwa ameshazikwa. Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki uani kwake, na macho yangu yakaganda kwenye mzigo wa magome ya mgunga ulioegemezwa ukutani, bado haujatafunwa. Vijana mnaonisoma mtauliza, magome hutafunwa? Hutafunwa. Mkeka wa kufunikia nyumba yetu ya kuhama, sisi Wasomali, haufumwi kwa uzi wa dukani. Gome hutafunwa mpaka likalainika likawa nyuzi, halafu wanawake hukaa pamoja wakafuma, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Marehemu, mzaliwa wa upande wa Buna, alikuwa muanzishaji. Mimi ni wa kuitikia tu, tangu ujana wetu.

Mwaka jana maktaba moja hapa Garissa ilianza kuwaalika wasanii, waandishi na watafiti wakae na kumbukumbu zake za kale, kila mtu na chumba chake na posho yake. Yeye akachukuliwa. Alionyeshwa picha za zamani za nyumba zetu, akazipitia zote, kisha akaja kwangu amefura. “Abaayo, dada yangu, zote zimepigwa kutoka nje! Hakuna mgeni hata mmoja aliyeingia ndani.” Ni kweli. Nje mkeka wetu ni nyuzi tupu zilizoachwa ndefu kama manyoya, za kuzuia mvua. Maua yote tunayoyafuma yako ndani, anakotazama mama aliyelala na mtoto wake. Akaapa kufuma mkeka mmoja uwekwe pamoja na zile picha, ili wajukuu wajue ndani palikuwaje.

Siku ya kwanza tu akagombana na msichana mwangalizi. “Ayeeyo, bibi yangu, humu hakuna kula.” “Nani anakula? Nafanya kazi.” “Lakini unatafuna!” “Na wewe unatafuna chingamu. Wallahi, jioni utakuwa umefuma nini?” Msichana akacheka, akamwachia magome yake. Kuimba ndiko alikokatazwa kabisa, kwa sababu watu wanasoma.

Akaniambia, “Njoo tukae wote. Mimi nina nyimbo, wewe bado una meno.” Nikaenda kuuliza ofisini. Wakanijibu kwa adabu kwamba nafasi ni ya mtu mmoja. Basi nikakaa barazani nikitafuna, nampitishia nyuzi dirishani. Nilimwona midomo inacheza bila sauti. Kisha inatulia kidogo, halafu inaendelea. Pale ilipotulia ndipo mahali pangu. Niliitikia moyoni, sijui kama alisikia.

Amekufa mkeka uko nusu. Baada ya siku za msiba ofisi ikaniita niumalize, na mara hii nikaruhusiwa chumba, na hata kuimba. Nikaingia. Nikatafuna mpaka taya zikauma. Nikashika kazi pale alipoiacha, katikati ya ua, nikangoja. Wimbo ndio unaosema ua linageukia wapi, na muanzishaji huutunga hapohapo akitazama mikono yake. Mimi najua kujibu, sijui kuuliza. Msichana akachungulia: “Ayeeyo, mbona hufumi?” Nikamwambia, “Sijaitwa bado.”

Sikuongeza hata uzi mmoja. Nimewaambia wautundike hivyohivyo, nyuzi zikining’inia, upande wa maua ukitazama watu.

Nanyi mnaotoa nafasi hizi, sikilizeni. Ni jambo jema, sitalikejeli mimi niliyesoma kidogo. Lakini Wasomali tunasema kidole kimoja hakioshi uso. Mlidhani kumbukumbu yetu imo ndani ya mwanamke mmoja kama maji ndani ya mtungi. Mlialika nusu yake, nusu nyingine mkaiacha barazani. Mkimwalika mwingine, muulizeni kwanza ni nani anayemwitikia, na mwekeeni huyo kiti, wangali hai wote wawili.

Kile chumba sasa kina viti viwili. Nilikalia kimoja nikakitazama cha pili, kisha nikaenda zangu kuswali.