Foronya ya Marnie

"Mtoto akiletwa na blanketi linalonuka, mtafanyaje?" Lorna aliwauliza walezi wapya wa watoto wanaoondolewa kwao kwa muda, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, mjini Brandon, theluji ikiwa imeziba nusu ya madirisha.

"Kwenye mashine, moja kwa moja!" akadakia Friesen, mfuga ng'ombe mwenye maneno mengi. "Mke wangu hata mimi angenitumbukiza humo."

Kicheko kikawapasua mbavu. Lorna akangoja kitulie.

"Usithubutu, ndugu yangu. Harufu hiyo ndiyo kwao. Ukiifua umemwondoa kwao mara ya pili."

Mji mzima ulikuwa na namba yake ya simu. Mtoto kagoma kula, mpigie Lorna. Mtoto kakimbia, Lorna. Lakini tangu Marnie, aliyemlea toka anatambaa, arudishwe kwa mama yake, nani alimpigia kumuuliza kaamkaje? Hakuna! Mwalimu huulizwa nini? Mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba mtoto akirudi kwao mlezi hufurahi. Basi akafurahi, mbele za watu.

Nyumbani alikula pierogi za jana, zile sambusa za kuchemsha, akiwa amesimama. Kisha akaenda kujilaza kwenye kitanda cha Marnie, kama kila siku, pua kwenye foronya. Hakuwa ameifua.

Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Raylene, mama yake Marnie, gari likinguruma nyuma yake.

"Samahani, Lorna. Nimefua kila alichokuja nacho. Sikutaka mwanangu anuke harufu ya kwako. Wivu tu, nisikufiche." Akafuta macho kwa glavu. "Sasa halali usiku. Ananusa shuka, anatupa, analia. Huna chochote?"

Lorna angeweza kumpa taulo. Taulo zilinuka sabuni, na sabuni hata Raylene anayo. Moyo ulimwambia, sema huna, mama, hiki ndicho kilichokubakia! Akasimama mlangoni mpaka baridi ikaingia sebuleni.

"Nisubiri," akasema.

Akaivua foronya, akaikunja, akaitia ndani ya mfuko na kuufunga vizuri.

"Usiifue."

"Sitaifua. Mungu akubariki, dada."

Gari likaondoka. Lorna akarudi chumbani, akajilaza palepale, akaunusa mto mtupu. Haukunuka kitu.