Askari wangu kumbe alianza kwa ujambazi

Leo nimemkuta askari wangu akiiba benki.

Yule wa sinema za zamani za polisi, ninayempenda kuliko baadhi ya wachungaji. Mnisamehe.

Nikamuuliza mwenye banda la video hapa Mlandege, "Baba, huyu kaharibika lini?"

Akacheka. "Bibi, hii ndiyo ya zamani zaidi. Alianza kwa kuigiza maiti, akapewa ujambazi, ndipo akawa askari. Uzeeni akaongoza sinema zake mwenyewe."



Jana nilimkataza mjukuu wangu Tumaini kuigiza mwizi kwenye filamu. Nilisema majirani watatucheka.

Hivi waigizaji wote huanzia hukohuko chini? Mnaojua nijibuni.

Ila Tumaini nimeshampigia. "Nenda kaibe, mama. Uibe kweli, hao majirani wafunge milango."