Mtoeni Nje

Binti yetu mkubwa alikuwa darasa la tatu alipoanza kukunja uso kila akitazama ubaoni. Mwalimu wake alimhamishia dawati la mbele, kisha akatuita. Mimi na mume wangu tukampeleka kliniki ya macho, na mdogo wake wa miaka minne tukaenda naye kwa kukosa wa kumwachia.

Daktari, mama wa makamo, alimpima yule mkubwa, akasema haoni mbali na atavaa miwani. Mume wangu alivua ya kwake, akaifuta kwa shati, akaifuta tena.

"Nimemrithisha mimi," alisema.

"Urithi upo, baba, ila si peke yake. Akitoka shule hufanya nini?"

Nilijibu kwa fahari kidogo: husoma, jioni ana tuisheni, Jumamosi katuni za kwenye simu. Na mdogo? Humohumo ndani na dada yake. Kwetu Mbinga ni baridi, nje matope.

"Huyu mkubwa, jua halitamvua miwani," daktari alisema. "Lakini mdogo bado anaona vizuri. Mtoeni nje kila siku, mchana kweupe. Mwanga wa nje husaidia kuchelewesha tatizo hili, pengine hata kulizuia."

"Acheze tu?" mume wangu aliuliza.

"Acheze tu."

Miwani ilipopatikana, mume wangu aliwahi kutoka kazini, akawavalisha watoto masweta, tukashuka wote hadi shamba letu la mtelemkoni. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Mdogo akaanza kuruka mashimo ya ngoro, yale ya kuzuia maji ya mvua yasibebe udongo, kutoka tuta hadi tuta, akaanguka, akacheka. Dada yake alisimama kando, ameishikilia miwani usoni kwa mikono miwili.

"Baba, nikianguka nayo?"

"Mimi nimeanguka nayo sana," alisema, na mtu mzima yule akaruka na viatu vyake vya ofisini.

Mama mkwe, aliyekuwa akipalilia kahawa jirani, aliinuka na jembe lake. "Huyu ndiye niliyekuwa namfukuza shambani akasome!" aliniambia, akicheka mpaka machozi.

Binti yangu akaachia miwani, akaruka.

Tuisheni tuliipunguza, na simu nikaanza kuificha. Mwaka huu mdogo ameingia darasa la kwanza, na alipopimwa alisoma hata herufi ndogo za mstari wa mwisho. Mwakani sijui. Nilimuuliza daktari kama tumeshavuka hatari, akasema macho ya mtoto hayaahidi, tuendelee tu. Basi tunaendelea, nami nafua soksi zenye udongo karibu kila siku.