Tangi la Yaya Lilikuwa na Majibu Mawili

Najitia kichefuchefu. Kosa ni langu, na mtu mwingine ndiye anayelibeba!

Nilirudi kwetu Likasi, mji wa migodi wa Kongo, na diploma ya uhandisi niliyoisomea Ulaya kwa kuosha sahani za watu. Hakuna aliyenisaidia! Nilikuta viwanda vimenyamaza na mifereji ya maji ya mtaa wetu wa Kikula imekauka. Yaya, dada yangu mkubwa, fundi cherehani, alitaka tangi la maji ya mvua uani, juu ya miguu minne ya mabomba ya chuma. Yalikuwa mabomba ya zamani, yaliyopinda yakanyooshwa kwa moto na nyundo. Wakati ule tulijenga hivyo sote.

Nikapiga hesabu. Chuma kisipolemewa kina jibu moja: ukiondoa mzigo, kinarudi kilivyokuwa. Kikishalegea kwa kupindwa na moto, kama mabomba yale, mzigo uleule unaweza kuwa na majibu mawili: mguu usimame wima, au ujikunje ubavuni. Hesabu haikuambii utafuata lipi. Yangu ilinipa yote mawili.

Shemeji, mume wa Yaya, ndiye aliyechomelea.

"Ingénieur, itasimama?"

Niseme sijui, mimi? "Jibu iko moja tu, shemeki. Itasimama."

"Tutie hata chuma ya kukingamisha?" Yaya akauliza.

"Yaya, njo miye nilisoma ao njo weye?" Msomi si ndimi!

Akacheka, akawageukia majirani. "Musikie mutoto wa mama! Bulaya ilimukomalisha kinywa!"

Mvua kubwa ya kwanza ikajaza tangi. Mguu mmoja ukajikunja, tangi likaanguka. Yaya alikuwa chini yake, anakinga ndoo. Mkono wake wa kulia, wa mkasi, ulisagika. Vidole havikupona.

Na mimi, mbele ya watu wote, nikasema nini? Eti shemeji alichomelea vibaya! Maskini akainamisha kichwa. Aliniamini.

Sasa yeye ndiye anayemkatia Yaya vitambaa, na Yaya anamwelekeza kwa kidevu: "Kata tu! Kuharibu weye ulizoea." Mimi nikifika, napewa kiti kizuri na kipande kinono cha samaki. Nakila! Mchafu mimi!

Nawaandikia ninyi kwa sababu mbele ya shemeji ulimi wangu unakufa.

Ninyi wenye diploma, hesabu ikikupeni majibu mawili, yatajeni yote mawili, hata mkichekwa. Mimi nilijichukulia lile zuri. Lile lingine nikamwachia Yaya.