Mwaka Ulioangukia Maji Mafu

Niliwahi kufanya kazi melini na baharia mmoja Mmarekani. Kwao kuna mchezo wa gongo na mpira ambao wachezaji wake hulipwa mshahara kama makarani, na kila asubuhi, hata hajanawa uso, alitutajia yaliyotokea siku kama ile: mwaka fulani mtu aliupiga mpira ukavuka ukuta, mwaka mwingine mtupaji mmoja aliwatoa wapigaji wote. Wenzangu walimcheka. Mimi sikumcheka, maana kisiwani kwetu Juani tuna siku moja inayosimuliwa vivyo hivyo, nami nilidhani nimo ndani yake.

Siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wetu wa zamani, watu wakishaoga baharini, vijana wa Juani na wa Chole hukutana kwenye mchanga unaotokea kati ya visiwa viwili maji yakitoka. Mpira husokotwa kwa makumbi ya nazi. Mmoja hutupa, mwingine hupiga, kisha mpigaji hukimbia mpaka kigingi cha mbali na kurudi. Akigongwa na mpira njiani, ametoka. Akifika, ni bao. Maji yakikifunika kigingi, mchezo umekwisha. Ila Mwaka huhesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi, na maji hufuata mwezi, kwa hiyo havipatani. Siku ikiangukia bamvua, maji yanapotoka mbali, uwanja ni mpana. Ikiangukia maji mafu, yasiyotoka sana, mnachezea kipande kama jamvi.

Mwaka ninaousema, wakati wa Mdachi, uliangukia maji mafu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kisiwa kilikuwa kikiniwasha mwilini. Nilitaka kwenda bara kusoma; baba hakuwa na uwezo wala hamu. Ndipo tajiri mmoja wa Chole, mwenye minazi na chombo chake, aliponiita barazani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, jambo lililonitia wasiwasi. Alisema Chole wamefungwa miaka mitatu mfululizo naye amechoka kutaniwa. Nikiwachezea wao nao wakashinda, asubuhi yake nitapanda chombo bure, na huko bara nduguye atanitia shule. Wasiposhinda, nirudi kwetu.

Nilikubali kabla kahawa haijapoa.

Nyumbani niliwaambia, baba akaendelea kusuka kamba. Kaka yangu, aliyenizidi miaka sita na ndiye mtupaji wa Juani, aliniuliza tu kama nitakula kabla ya kwenda.

Siku yenyewe shangazi yangu alinipokea uwanjani kwa sauti ya kusikika Chole nzima. "Mtazameni," alisema, "kanunuliwa kama samaki ng'onda, na bado ananuka." Hata watu wa Chole walicheka. Nilicheza vibaya, miguu ilitaka kuondoka, si kukimbia. Maji yalianza kurudi tukiwa sawa, mabao manne kwa manne, na zamu ya mwisho ikawa yangu. Sare isingenipeleka popote.

Kaka alitupa. Hakunionea huruma, mpira ulikuja chini, kwa kasi, pale anapojua sipapendi. Niliupiga kama sijawahi kupiga, ukapita juu ya vichwa vya watu ukaangukia mkondoni. Nikakimbia. Kaka akajitosa kuufuata. Makumbi huelea, na maji yaliyokuwa yakijaa yalikuwa yakimletea. Nilipokigusa kigingi nikageuka, nilimwona amesimama, maji kifuani, mpira mkononi, mkono juu. Kati yetu hazikufika hatua ishirini. Mkono ule uliwahi kumwangusha popo akiruka. Wenzake walimpigia kelele atupe. Mimi nilikuwa nikikokota miguu majini kama mzee. Aliutazama mpira, akanitazama mimi, na mkono ukabaki pale pale juu mpaka nilipofika.

Asubuhi alinibebea mkeka hadi chomboni. Nilimwuliza kwa nini hakutupa, akasema mpira ulikuwa umelowa. Nilipokwisha kupanda ndipo aliposema, "Nenda. Ukibaki utatuchosha sote."

Nilidhani ni utani. Nilisoma, nikawa karani Tanga, nikaacha, nikaenda Mombasa, nikaacha, nikaingia melini. Sijamaliza miaka miwili mahali pamoja, na kila mahali nimelisimulia pigo langu. Mwaka jana, Durban, nilikutana na mtu wa Juani, nikamwuliza kama bado wanalikumbuka. 

"Pigo silijui," alisema. "Tunachosimulia ni yule aliyeshika mpira asiutupe. Hawakumpa tena kutupa. Mpaka leo, kila Siku ya Mwaka, huwashikia vijana kanzu wakicheza."

Miaka ishirini na mitano! Nami nilikuwa nikimpelekea salamu.

Nimemwomba mwalimu mmoja hapa Mombasa anihesabie miongo. Zimebaki siku thelathini na mbili kufika Siku ya Mwaka, na nimeuza saa yangu kupata nauli. Nataka kusimama mchangani, mbele ya Juani na Chole, niseme kwamba nilimwomba kaka asitupe. Kwamba nililia, ikibidi. Si kweli, lakini aibu hiyo ni yangu kuibeba. Kinachonikosesha raha ni kwamba kaka atakuwa pale pale anasikia, na sijui kama ataniachia niseme.