Waliniuliza Ndege, Hawakuniuliza Mlima

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alifariki, na shida zangu zilianza kabla wageni wa msiba hawajamaliza kuondoka. Kwetu Uchaggani kihamba cha baba, yaani nyumba pamoja na migomba na kahawa inayoizunguka, huchukuliwa na mtoto wa mwisho. Wa kwanza naye hukatiwa sehemu yake. Mimi nilikuwa wa katikati. Wa katikati hupewa pole. Darasa la tatu sikulimaliza. Nilikata majani ya ng'ombe wa watu, nikabeba mizigo ya watalii mlimani, nikapakia ndizi kwenye malori ya watu mpaka nikanunua la kwangu. Ardhi yote ninayokanyaga hapa Marangu nimeinunua, sikurithi hata shina moja la mgomba. Naanza na hayo ili mtu asiniulize kwa nini nikasirike hivi kwa sababu ya mistari mitatu ya kahawa.

Mistari hiyo iko upande wa chini wa shamba langu, ninapopakana na jirani. Sisi mpaka hatuweki nguzo. Tunapanda masale, mmea wa majani marefu ambao kwetu una heshima yake: mtu akikuletea isale kukuomba msamaha huwezi kumkatalia, na likishapandwa mpakani hakuna mwenye akili timamu atakayeling'oa. Jirani yangu aling'oa. Akapanda mengine ndani kwangu, na alipoulizwa akasema yamekuwa hapo tangu enzi za babu yake. Babu yake! Nilikuwepo wakati shamba lile linapimwa kwa kamba, yeye alikuwa bado anatambaa.

Basi wazee wakapanga Jumamosi asubuhi waje watembee mpaka, kila mmoja aonyeshe kwa mkono wake. Mbege ya wazee, pombe yetu ya ndizi, ikapikwa kwa gharama ya pande zote mbili. Shauri lilikuwa hilo tu: mimi niwepo, nionyeshe.

Wiki hiyo nilikuwa Tanga kwa binti yangu, amejifungua. Nilikuwa niondoke Ijumaa mchana na gari langu, usiku nilale kwangu. Sasa huyu mkwe wangu, mtu wa pwani, maneno mengi, akaniambia mezani:

"Baba, Ijumaa asubuhi kabla hujaondoka nikupeleke ukazamie. Uone matumbawe. Zawadi yangu kwako."

"Nikatafute nini chini ya maji?"

"Hutafuti kitu, unaangalia tu. Au watu wa mlimani mnaogopa bahari?"

"Mimi siogopi kitu ambacho hakinidai."

Binti yangu akacheka. "Baba, hata maji ya kuoga huwa unayalalamikia."

"Nalalamikia baridi, silalamikii maji. Nitakwenda."

Mwalimu wa kuzamia alikuwa mwanamume wa makamo, mtulivu, maamkizi yake mazuri. Akanikalisha kwenye benchi akaniuliza maswali. Moyo? Mzima. Presha? Sina. Kifua, masikio, dawa ninazokunywa, pombe ya jana? Nikamjibu yote kwa ukweli. Mwisho akauliza, "Mzee, leo au kesho utapanda ndege?"

"Ndege ya nini? Narudi Moshi na gari langu."

"Vizuri. Basi huna tatizo."

Alisema hivyo. Mkwe wangu alikuwa amesimama pale, binti yangu alikuwa pale amebeba mtoto, na wote wanajua ninapokaa. Hakuna aliyefungua mdomo.

Wakanivisha nguo ya mpira inayobana kama ngozi ya mtu mwingine. Wakanifunga mkanda wenye vipande vya risasi ili nisielee, na mtungi wa hewa mgongoni. Mtungi haukunisumbua, nimebeba mizigo mizito zaidi kwenda mahali pabaya zaidi. Kilichonisumbua ni kile kitu cha mpira unachokiuma kwa meno ili upumue. Kichwa chote kinakwambia funga mdomo, uko majini, na mwalimu anakwambia vuta hewa. Tulijaribu kwanza ufukweni maji yakiwa kifuani. Mara mbili nikakitema nikasimama. Mkwe wangu akapiga kelele kutoka kwenye boti, kwa jina wanalotuitia Wachagga wote, "Mangi, rudi tukale!" Kwa ajili ya mdomo wake huo, mara ya tatu sikukitema.

Tukaenda na boti ya injini mpaka kwenye miamba, tukashuka. Masikio yakaanza kuuma, nikabana pua nikapuliza kama nilivyofundishwa, yakafunguka, kama yanavyofunguka ukiteremka kutoka juu kwenda Moshi mjini. Mwalimu alinishika mkono wakati wote. Sikupenda kushikwa mkono, lakini sikuuondoa.

Halafu nikaona. Nitasema ukweli, maana hasira haimzuii mtu kusema ukweli. Kule chini ni kihamba. Kuna matumbawe marefu yaliyosimama juu kama migomba, chini yake mafupi yaliyoshikana kama kahawa, na chini kabisa vitu vya kutambaa kama magimbi kwenye unyevu. Kila mmoja ana nafasi yake na hakuna aliyemkalia mwenzake. Samaki mmoja mweusi, mdogo kama kidole gumba, alitoka kwenye jiwe lake akaja kunigonga kwenye kioo cha macho. Nikarudi nyuma, naye akarudi jiweni. Nikasogea tena, akanigonga tena. Nilimpenda sana samaki yule. Nilicheka mpaka maji yakaniingia puani.

Kinachoniuma mpaka leo ni hicho, kwamba nilifurahi.

Tulipopanda kwenye boti wakanipa chai ya tangawizi na chapati. Nikawa mwema, nikaanza kumsifia mwalimu kwetu. "Siku moja uje. Asubuhi unatoka nje, ukungu umekaa kwenye migomba, baridi ya kuvaa koti, na mlima uko hapo, unaona theluji."

Akaacha kutafuna. "Mzee, si umesema Moshi?"

"Moshi ni mjini, chini. Mimi nakaa juu, Marangu."

"Na unarudi lini?"

"Sasa hivi. Nikivua hii ngozi yenu."

"Hapana, mzee. Leo hupandi."

Nikadhani ni utani wa pwani. Akanieleza. Hewa uliyovuta kule chini imejibana kwenye damu. Ukikaa huku usawa wa bahari inatoka taratibu, haina neno. Ukipanda juu mapema inaweza kutoka kwa nguvu, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Viungo vinauma, na mwingine hupooza. Ndiyo maana huuliza habari za ndege.

"Mimi sipandi ndege!"

"Nyumbani kwako ndiyo ndege yenyewe, mzee. Lala hapa, uanze kupanda kesho."

"Ungeniuliza!"

"Ungeniambia."

Nilimtukana. Kwa Kichagga, kwa hiyo hakuelewa, lakini sauti aliielewa.

Kwa binti yangu nikatupa begi kwenye gari. Akaja akasimama mbele ya boneti, mtoto mikononi.

"Toka hapo."

"Sitoki, baba. Ukipooza, atakayekugeuza kitandani ni mama. Umemuuliza kama yuko tayari?"

Nikampigia simu mzee anayeongoza kikao. Nikamwomba asogeze mpaka Jumapili, au hata Jumamosi jioni. Akauliza sababu. Nikamwambia.

"Umezama baharini?"

"Nimezamia. Kwa mtungi."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia, "Mzee mwenzangu, mbege imeiva. Kesho asubuhi ni tamu, jioni ni siki. Siwezi kuwaita wazee wanywe siki kwa sababu wewe ulikwenda kuangalia samaki." Akakata.

Sikulala. Alfajiri nikaondoka. Nilipita Korogwe, nikapita Same, na nilipokaribia Himo mke wangu akapiga simu. Alikuwa ametoka mpakani.

"Nimewaonyesha shina la isale la zamani," akasema. "Liko ardhini bado, nililifukua kwa jembe mbele yao. Mimi ndiye nimepalilia ile mistari miaka yote, mimi ndiye nachuma. Mwenyekiti akasema, mama, tunamsikiliza mwenye shamba. Halafu akanipa kata nimjazie mbege."

"Na jirani?"

"Aliwaambia mwenye haki hakimbilii Tanga."

Nilipofika walikuwa wamekwisha kunywa. Masale mapya yalikuwa yamepandwa, udongo bado umelowa, na mistari yangu mitatu iko ng'ambo. Yakishapandwa na wazee hayang'olewi, na mimi si kama jirani yangu. Sikung'oa. Nilisimama pale mpaka mke wangu akaja na koti langu, akanivisha.

Watu wanasema nimlaumu mkwe wangu. Ninamlaumu, na mwalimu, na jirani mwizi. Lakini nikikaa peke yangu hasira yangu huenda kwa wale wazee, waliomwona mtu na jembe mkononi na shina mguuni wakamwambia ajaze kata.

Leo nina haya. Nyumba ya matofali yenye vyumba vitano, Marangu. Shamba la migomba na kahawa, pungufu ya mistari mitatu. Lori moja la ndizi na gari moja dogo. Fremu mbili za maduka Moshi mjini, moja ina mpangaji. Ng'ombe watatu wa maziwa. Shamba, nyumba na fremu, hati zake zimeandikwa upya kwa majina mawili, la kwangu na la mke wangu. La kwake liko juu.